Nati Sita za Kiwalani

Enyi jamaa wa mitaa hii, sogeeni kidogo. Habari hii ni ya mwaka wa hamsini na mbili, na ni ya nyumba moja ya Kinondoni ambayo haikuwa na ulevi wala ugomvi.

Jumamosi moja alasiri, masika yamekwisha na vumbi halijaanza, Kokushubila alikuwa amekaa mkekani uani anachambua nati. Ndiyo, nati. Wenzake siku kama ile huchambua mchele, yeye alikuwa na makopo manne ya maziwa mbele yake, na kila kopo na ukubwa wake. Pembeni binti yake Felicitas, mwenye miaka tisa, alikuwa anapaka chaki viatu vyake vyeupe huku akikariri sala. Kesho yake alikuwa apokee Komunyo ya kwanza katika kanisa la mjini.

"Mama, na hii?"

"Kopo la pili."

"Hata hujaiangalia."

"Kidole nacho kina macho, mwanangu."

Miaka miwili ndiyo iliyompa kidole chake macho. Mumewe, Theonest, mtu wa Bukoba, karani wa ofisi moja mjini, aliikuta pikipiki ya Kiingereza katika banda la Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Ilikuwa ya tangu kabla ya vita, kuku wanaitagia. Akaisukuma kwa miguu mpaka nyumbani, na tangu siku hiyo nyumba ikawa ya pikipiki, watu wakawa wapangaji wake. Kitanda kilinyang'anywa bolti zake nne kikafungwa kamba. Cherehani ya Kokushubila ilitoa skrubu, ikawa inashona kwa kuchechemea. Nyaya zilipopatikana zilikuwa tupu, hazina nguo juu. Kokushubila akakata vitambaa vyembamba, akavichovya kwenye nta, akazungushia waya mmoja baada ya mwingine kama anayemfunga mgonjwa kidole. Hakulalamika. Mume asiyelewa wala asiyelala nje, utamshitakia nani kwamba anapenda chuma?

Shida kubwa ilikuwa nati. Bolti za pikipiki zile za zamani zilikuwa na meno membamba, na madukani nati za namna hiyo zilishasahauliwa. Mtu mmoja tu aliweza kuzitengeneza, Mfaume, fundi wa Buguruni mwenye mashine ya kukereza vyuma. Alikereza moja moja, kwa wiki, na hakuwa mtu wa kuharakishwa.

Watu hawakungoja, walicheka. Mcheshi wao mkubwa alikuwa Didas, karani mwenzake Theonest, asiye na mke. Kila akiulizwa ataoa lini, alijibu, "Siku pikipiki ya Theonest itakapolia." Ofisi nzima ikaushika msemo huo. Parokia nayo ikaushika. Hata wauza samaki wa Kinondoni, ukiwauliza changu watakuja lini, walikujibu, "Wanakuja na pikipiki ya karani."

Theonest alicheka nao, lakini kicheko kile kilikuwa kinamla ndani kama mchwa. Ndipo akatangaza mbele ya kanisa, watu wanatoka misani, kwamba Felicitas ataiendea Komunyo yake juu ya pikipiki. Ulimi ukatoka, na siku ikawa imewekwa.

Didas yule yule, kwa wema wake, akamletea siku moja nati sita.

"Nimezitoa Kiwalani," alisema. "Yale malori ya jeshi yaliyoachwa porini baada ya vita. Chukua, nati ni nati."

Mfaume alipozishika alizirudisha mkononi mwa Theonest moja moja. "Bwana Karani, hizi zisiguse chombo chako. Bolti yako ina meno ishirini na sita kwa inchi moja. Hizi zina ishirini na nne. Ukiifunga itaingia mzunguko mmoja, wa pili, kisha itagoma. Utasema imekaza. Haijakaza, imenasa. Kunasa si kukaza. Ikitikiswa sana, inaachia."

Kokushubila alikuwapo. Aliziweka zile nati sita katika kopo la nne, peke yake, akalifunika.

Basi Jumamosi hiyo, viatu vya mtoto vinakauka juani, alikifunua kifuniko cha kopo la nne, akaona nati zimepungua. Hakuhesabu. Moyo ulikwenda mbio kuliko vidole. Aliinuka akaenda pale pikipiki iliposimama, imeng'arishwa kama sahani ya harusi, akainama kwenye gurudumu la mbele. Nati ya upande wa kushoto haikuwa na rangi ya wenzake. Akaigusa. Kidole kikamwambia.

Theonest alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa.

"Baba Feli, hii ni ya Kiwalani."

"Mfaume hajamaliza ile moja. Ataileta baada ya sikukuu."

"Na mtoto anapanda kesho."

"Maili tatu, Mama Feli. Maili tatu tu. Nimeivuta kwa spana ndefu hata mkono umeuma. Imekaza."

"Imenasa."

Akamwangalia mkewe kama anayemwona mara ya kwanza. "Tangu lini mwanamke na nati? Nikiwaambia watu kesho kwamba haiendi, nitapita wapi katika mji huu?"

Kokushubila alirudi mkekani, akalifunika kopo la nne. Kwao alifundishwa kwamba siri ya mume haivuki kizingiti, na fundisho hilo lina uzuri wake. Lakini usiku ule kila alipofumba macho aliona gurudumu linakwenda njia yake na mtoto njia yake. Akaufungua mdomo mara tatu gizani, akaufunga mara tatu.

Asubuhi uani palijaa watu. Felicitas alisimama katika gauni lake jeupe, rozari mkononi, tumbo tupu tangu jana, maana zama zile uliipokea Komunyo bila hata tone la maji. Didas alikuja amevaa suti. "Nimevaa kabisa," alisema, "maana ikilia leo, kabla ya jioni lazima nioe." Watu wakaangua kicheko. Theonest akakanyaga kiwashio mara moja, mara mbili. Mara ya tatu pikipiki ikalia, kuku wakaruka ukuta, na watu wakapiga vigelegele. Jamaa, uso wa Theonest dakika ile ulikuwa uso wa mtu aliyelipwa miaka miwili kwa mkupuo.

Ndipo Mfaume akaingia na baiskeli yake, jasho linamtoka.

"Shikamoo, fundi," alisema Kokushubila.

"Marahaba, mama. Nimeamka alfajiri. Nikasema mtoto asipande na gurudumu lililopungukiwa." Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na nati moja, mpya, inang'aa.

Kokushubila alimwangalia mumewe, kisha akamwangalia mtoto, na kile kilichoshindikana mara tatu gizani kikatoka. "Fundi, hebu gusa ile iliyopo."

Injini ikazimwa. Mfaume akachutama. Hakuomba spana. Akaishika ile nati kwa vidole viwili, akaitikisa, akaivuta, ikatoka mkononi mwake kama jino la mtoto.

Didas akasema, "Loo, Theonest, kumbe ulitaka nioe na nizike siku moja." Kicheko kililipuka uani. Wanawake walijiziba midomo kwa kanga, wazee wakatikisa vichwa, na mtu mmoja nyuma akaanza kuigiza nati inavyotoka. Theonest alisimama katikati yao, kofia mkononi, akitabasamu kwa meno tu.

Mfaume akafunga nati yake mpya, taratibu, mpaka mwisho. "Hii sasa imekaza," alisema.

Kokushubila akasogea karibu na pikipiki. Akamwuliza mumewe, pale pale, mbele ya wote, "Kuna nyingine?"

Nitawaambia alichokiona, maana alikisimulia mpaka uzee wake. Aliona mkono wa Theonest unakwenda kwenye usukani, unatulia pale, kama mtu anayemgusa mtoto mwenye homa. Aliona macho yake yanamzunguka Didas, yanawazunguka watu. Midomo ikafunguka.

"Hakuna," akasema.

Akampandisha Felicitas kwenye keria, mama mwenyewe akamfungia mikono kiunoni kwa baba yake, na pikipiki ikaondoka kwa mlio ambao Kinondoni haikuwahi kuusikia. Watu wakafuata kwa miguu wakiimba.

Kokushubila alibaki kidogo kufunga mlango. Mfaume akampa ile nati mbovu. "Iweke mbali, mama." Akaenda kwenye kopo la nne kuirudisha. Na kwa mazoea tu, kama anayepita anafunika chungu, akazihesabu.

Tatu. Na ya mkononi, nne.

Akazimwaga mkekani. Akazihesabu tena. Nne. Akalimwaga kopo la tatu, la pili, la kwanza, vyuma vikatapakaa uani. Akapitisha vidole kama kipofu. Nne. Didas alileta sita.

"Fundi," alisema. "Mkono wake ulikuwa kwenye usukani."

Mfaume alikuwa amekwisha kuelewa. Usukani wa pikipiki ile ulishikwa na nati mbili, alizozikereza yeye mwenyewe mwezi uliopita, akaonya zisikazwe kwa spana ndefu. Baadaye ilijulikana kwamba Alhamisi Theonest, kwa haraka, alizikaza kwa spana ndefu, meno yakanyonyoka yote. Akaona haya kurudi Buguruni kusema. Akafunika kosa kwa nati mbili za Kiwalani.

Mfaume akarukia baiskeli, mnyororo ukakatika langoni. Kokushubila hakumngoja. Alikimbia peku, kanga imeanguka, akawapita waimbaji, akampita Didas aliyesema, "Shemeji, misa haikimbii." Alikimbia akisikiliza mlio mbele yake. Uliposikika aliogopa. Ulipofifia aliogopa zaidi. Mbele, kabla ya mji, kuna mteremko wa kushukia bonde la Msimbazi, na barabara pale ilikuwa mashimo matupu baada ya masika. Mguu wake ulichanika jiweni, hakuhisi. Kila hatua alisema jina moja, Feli, Feli, Feli.

Kisha mlio ukakatika. Haukufifia, ulikatika.

Alipofika kichwa cha mteremko aliona kitu cheupe pembeni mwa barabara kinatembea chenyewe. Gauni. Halikuwa na doa. Felicitas alikuwa anashuka polepole asichafue viatu, rozari mkono mmoja, mkono mwingine ameshika kofia ya baba yake.

Mama alimkamata akampapasa kichwa, mikono, mbavu, kama anayechambua.

"Baba kaniambia nishuke nitembee," mtoto alisema. "Kasema mteremko mkali, atanisubiri chini. Nikamwambia naogopa peke yangu. Kasema usiogope, mama yako anakuja nyuma. Kasema lazima atakuwa amehesabu."

Chini, penye daraja, watu walikuwa wanakusanyika. Kokushubila akamgeuza mtoto uso, akaubana kifuani mwake, asitazame.

Theonest hakuamka tena. Usukani ulikutwa mbali na pikipiki, hatua ishirini nyuma, shimoni. Mfaume alipofika na baiskeli yake mkononi, aliokota nati moja. Ya pili haikuonekana. Alikaa chini barabarani, mtu mzima yule, akawa anaigeuza kiganjani.

"Angeniambia," alisema. "Ni kazi ya asubuhi moja. Angeniambia pale pale uani."

Didas alisimama karibu, bado amevaa suti yake. Nasikia mpaka anazikwa hakuoa.

MAFUNZO

Jamaa, wengi wakiisikia habari hii husema funzo lake ni kwamba mtu asipende chombo kuliko nyumba yake. Ni kweli, kitanda kikifungwa kamba ili pikipiki ipate bolti, nyumba hiyo imeanza kulegea. Lakini tusiishie hapo.

Theonest alijua. Kama hakujua, asingemshusha mtoto. Alikuwa na akili ya kumwokoa mwanawe, hakuwa na nguvu ya kugeuza na kurudi kwa wale waliocheka. Haya ilimnasa, akadhani imemshikilia. Ewe uliyefumaniwa na kosa moja, na moyoni una la pili, liseme saa hiyo hiyo, maana aibu ya asubuhi haivunji shingo.

Na sisi tuliosimama uani tuna fungu letu. Mtu akitolewa nati moja mbovu mbele za watu, tusimcheke. Kicheko chetu ndicho kilichomfunga mdomo. Kokushubila naye alikuwa akisema uzeeni, "Niliuliza swali la kweli mahali pabaya. Ningemvuta ndani, nikafunga mlango, ndipo nikamwuliza." Siri ya nyumba inayoweza kuua, itoe. Lakini ukiitoa, mwachie mwenzako mlango wa kuitoa na ile iliyobaki.

Wala kosa lililofunikwa halijatengenezwa. Limenasa tu, linangoja mteremko.