Dirisha la Kioo-kesho

Haya nilisimuliwa na shoga yangu Mwatumu, baada ya Idi iliyopita, tukiwa tumekaa ukumbini kwangu tunachambua mchele. Yeye aliyaona kwa macho yake, maana ndiye aliyemsindikiza dada yake Siwatu kwa mshauri wa fedha, pale Tanga mjini. Na Siwatu mwenyewe kasema tusimulie tu, hana cha kuficha tena.

Siku hiyo Siwatu alikaa mbele ya kioo-kesho. Kama hujakiona, ni kioo kirefu kama mlango, lakini hakikuonyeshi ulivyo leo. Kinasoma akiba yako, vipimo vya damu yako, kiwanja chako na matumizi yako, kisha kinakuchora utakavyokuwa uzeeni. Unajiona unatembea, unakunywa chai, unajikuna. Ukibadilisha mpango wa fedha, na yule wa kiooni anabadilika papo hapo.

Siwatu aliona bibi mmoja mnene, kichwa cheupe, kakaa kwenye kiti cha kamba ndani ya nyumba yake ya Pongwe.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiye wewe, Bi. Siwatu," alisema mshauri, Bi. Nasra Kilua. "Ukipandikizwa figo jipya mwezi ujao kama tulivyopanga."

Figo hilo lilikuwa linaoteshwa maabara, kutoka kwenye mwili wake mwenyewe, kwa sababu yale aliyozaliwa nayo yalikuwa yamechoka. Akiba yake yote ilikuwa ya kulilipia hilo.

"Nimenenepa vizuri," alisema Siwatu.

"Umenenepa kama marehemu mama," alisema Mwatumu. "Mpaka kidevu."

Wakacheka. Halafu Siwatu akakisogelea kioo. Nyuma ya yule bibi palikuwa na dirisha, na nje ya dirisha palisimama ghorofa la rangi ya waridi, limeziba jua lote.

"Ghorofa la nani hilo?"

Bi. Nasra akageuka kutazama, na uso ukamshuka.

"Pale ni kiwanja cha Hidaya," alisema Siwatu taratibu. "Kwa hiyo mwenzangu anajenga ghorofa. Na wewe unajua."

Hidaya ni mke mwenzake, mke mdogo. Mume wao, Shebuge, anaendesha mitambo kwenye machimbo ya Mwezini, na mshahara anaugawa sawasawa. Sasa, ili asilipe ada mara mbili, aliwawekea wake zake mshauri mmoja. Mwanamume anaweza kupasua mwamba Mwezini, lakini hilo hakulifikiria!

Hata hivyo Bi. Nasra aliwaweza kwa muda mrefu. Kazi alianzia kwenye kibanda cha kutuma na kutoa pesa kwa simu, huko Makorora, akiwa msichana. Hapo ndipo alipojifunza kugeuza uso mteja anapobonyeza namba yake ya siri. Akaenda kukaa dirishani benki, akasoma masomo ya jioni, akapata ofisi yake, na bado anageuza uso. Mteja akikaa mbele ya kioo, yeye hutazama pembeni, maana uzee wa mtu ni uchi wake. Kwa adabu hiyo hakuwahi kuliona lile dirisha, wala hakujua kwamba kioo huchora nje kwa kusoma mipango ya majirani. Mdomo wake haukutoa siri hata siku moja. Kioo kiliitoa yeye akiwa ametazama ukutani.

"Habari za mteja mwingine sizisemi, Bi. Siwatu."

"Usiseme. Kioo kimeshasema." Siwatu alikuwa anavuta ncha ya mtandio wake kama anataka kuichana. "Toa pesa ya figo. Nijengee ghorofa, lipite la kwake kwa orofa mbili."

"Dada, una wazimu?"

"Nyamaza, Mwatumu. Wewe huna mwenza, hujui."

Bi. Nasra akakigeukia kioo. "Sitakuzuia," alisema. "Mteja simchagulii. Kazi yangu ni kuhakikisha umekiona unachokinunua. Basi tazama."

Akasogeza mpango. Nyumba ya kiooni ikaanza kupanda, na jua likarudi dirishani. Yule bibi akapungua mashavu, akapungua mikono, akawa mifupa na ngozi. Mara kiti kikabaki kitupu.

"Inna lillahi," alisema Mwatumu.

"Nyumba nzuri lakini," alisema Siwatu.

"Kiti kitupu hicho, dada!"

"Nimekiona. Watu watapita watasema, hii ya Siwatu."

Mwatumu anasema mkono wa Bi. Nasra ulikwenda kuzima kioo, ukasita. Kumtisha mteja hakukuwa desturi yake, lakini Siwatu alikuwa hajaona yote. Akakiambia kioo, "Songa mbele mwaka mmoja."

Mlango wa kiooni ukafunguliwa. Akaingia Hidaya, mtu mzima sasa, wanja machoni. Akatazama huku na huku, akakaa kwenye kile kiti, akajimiminia chai. Nyuma yake akaja Shebuge na mkongojo, na Hidaya akamsogezea kigoda.

Siwatu akasimama. "Kiti changu!"

Akamgeukia Bi. Nasra.

"Rudisha pesa ya figo. Rudisha sasa hivi! Nitaishi, wallahi, nitaishi mpaka akome!"

"Una hakika?"

"Naamua kwa wivu. Kuna kipengele chake kwenye fomu?"

"Sababu huwa siulizi," alisema Bi. Nasra, akarudisha. Jioni ile ile akaenda kwa Hidaya kumwambia kwamba siri yake imevuja. Kisha akawaendea wenye kioo akitaka dirisha lifungwe. Wakasema wateja wanalipenda. Akaiacha ofisi nzuri, akapanga chumba kisicho na kioo, na wateja wengi hawakumfuata.

Siwatu alipandikizwa figo, na yaliyofuata alimsimulia Mwatumu yeye mwenyewe. Aliporudi nyumbani, wa kulala naye kumuuguza alikuwa Hidaya, kwa kuwa Mwatumu alikuwa na mjukuu mchanga.

"Ghorofa la nini?" Siwatu alimuuliza kutoka kitandani.

"Mimi nami nilikuona kiooni, kwenye dirisha langu," alisema Hidaya. "Kila jioni uko na Shebuge barazani, mnacheka. Nikasema nipande juu, nisiwaone."

"Tulikuwa tunacheka nini?"

"Ningejua nisingejenga."

Siwatu akataka kucheka, mshono ukamzuia. Hawakupatana, wala hawakugombana. Hidaya akatandika mkeka, akazima taa, na hata kugeuka hakugeuka, akaanza kukoroma polepole kama mtoto aliyeshiba.

Siwatu akabaki anamsikiliza gizani. "Hata usingizi kanitangulia," alinung'unika. Akavuta shuka hadi kidevuni, akafumba macho kwa nguvu ili amfikie, na baada ya kitambo naye akalala.