Mkanda Uliopakwa Mafuta ya Nazi

Jumamosi Kadii hakungoja kuamshwa. Si kwamba alipenda kuamka mapema, la. Ni kwamba kuku hawana subira. Alijaza maji, akagawa chakula, akafagia mlangoni, kisha akasimama kidogo kuwatazama wakila. Shangazi yake, Purity, alifuga kuku wa nyama mia tatu pale Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Wote walikuwa wameshaagizwa kwa harusi ya Mambrui, Alhamisi inayokuja.

Banda lilikuwa refu, la mabati, na joto la Machi halimhurumii kiumbe aliyevaa manyoya. Ndiyo sababu Shangazi alifungiwa feni kubwa kwenye ukuta wa mwisho. Iliivuta hewa ya moto na kuitoa nje, na hewa safi ikaingia kwa madirisha ya upande wa pili. Mota ilikaa chini ya feni, na mkanda mweusi wa mpira uliunganisha gurudumu la mota na gurudumu la feni. Mafundi huyaita magurudumu hayo puli. Mota ikizunguka, mkanda huvuta, na feni nayo huzunguka. Wavu wa chuma ulifunika mkanda na puli zake ili mtu asije akakatwa vidole.

Tangu juzi mkanda huo ulikuwa unalia. Ulilia kutwa kucha, mlio mwembamba wa kuudhi.

"Jumatatu nitampigia simu Fundi Shukri," Shangazi alisema. "Wewe usiuguse, Kadii. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Shangazi."

Kusikia alisikia. Lakini mlio ulikuwa umemchosha masikio, na isitoshe, alijiona mjuzi. Mlango wa jikoni ulipokuwa ukilia, si ni yeye aliyeupaka mafuta ya nazi ukanyamaza? Basi Shangazi alipokwenda dukani, Kadii alizima swichi ya feni, akachovya unyoya wa kuku kwenye chupa ya mafuta ya nazi, akaupenyeza kwenye matundu ya wavu na kuupaka mkanda kila alipofikia. Hakuwa mchoyo wa mafuta. Alipowasha tena, kulikuwa kimya.

"Leo feni imeshika adabu," Shangazi alisema aliporudi, akicheka. Kadii alitamani sana kujisifu, lakini angejisifu vipi kwa jambo alilokatazwa? Akainamia ufagio wake.

Adhuhuri ilipofika, mambo yalibadilika. Kuku waliacha kula. Walikaa midomo wazi wakihema, mabawa wameyatanua mbali na mwili. Kadii aliinua macho akaiona feni ikizunguka kivivu, mtu angeweza kuyahesabu mapanga yake, ilhali mota ilikuwa inavuma kwa kasi ile ile ya kila siku. Akakimbia kumwita Shangazi.

Shangazi alimpigia simu fundi, naye akaja kwa pikipiki yake bila kukawia. Fundi Shukri alikuwa mtu wa Malindi mjini, mzee wa makamo, mpole wa maneno. Yeye ndiye aliyeifunga feni hiyo mwezi uliopita.

"Shikamoo, fundi," Kadii alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Hebu tuone maradhi ya mgonjwa wetu."

Alizima swichi, akazilegeza nati za mota, akaisogeza mota ili mkanda ukazike, bila kuufungua wavu, kisha akawasha. Feni ilizunguka vile vile, kwa uchovu. Fundi akakuna kidevu.

"Ajabu hii. Mkanda ni mpya, nao nimeukaza. Dada Purity, kuna mtu aliyeugusa?"

"Hakuna," Shangazi alijibu. "Niko peke yangu na Kadii, na Kadii nilimkataza. Huyu mtoto akikatazwa hukatazika. Naweza kumwapia."

Kadii aliinamia miguu yake. Alitaka ardhi immeze.

"Basi kasoro itakuwa ndani ya feni yenyewe," fundi alisema. "Itabidi niishushe yote niipeleke karakana. Nitairudisha kesho jioni."

"Kesho jioni? Kwa joto hili nitakuwa na kuku wa harusi au wa kuzika?" Shangazi aliuliza. Akachukua gunia akaanza kuwapepea kuku. Karibu na miguu ya Kadii, kuku mmoja aliyumba, akaanguka ubavu.

Kadii hakuvumilia tena.

"Fundi, usiishushe," alisema. "Ni mimi. Niliupaka mkanda mafuta ya nazi ili unyamaze, kama nilivyoupaka mlango wa jikoni."

Gunia la Shangazi lilisimama hewani.

"Ulizima swichi kwanza?" fundi aliuliza.

"Nilizima."

"Alhamdulillahi. Basi vidole vyako unavyo, na dawa ya feni ninayo." Alizima umeme, akaufungua wavu. Mkanda ulikuwa unang'aa kwa mafuta. "Mkanda hufanya kazi kwa kushika, mwanangu. Bawaba ya mlango hutaka kuteleza. Mkanda ukiteleza hauvuti kitu. Huu ulilia kwa sababu mkanda mpya hurefuka kidogo siku za mwanzo. Ulikuwa unaomba kukazwa tu."

Alilegeza mota, akautoa mkanda na kuutupa kando, maana ulishakunywa mafuta na haungeaminika tena. Akampa Kadii kitambaa na maji ya sabuni, azisugue puli mpaka zikauke kabisa. Kisha akatoa mkanda mwingine mkobani, akauvalisha. Kadii alishika ncha ya uzi ulionyoshwa kutoka puli hadi puli, ili fundi aone kama zimekaa sawa. Fundi aliubonyeza mkanda katikati kwa dole gumba kupima kama umekaza vya kutosha. Ukabonyea kidogo tu. Akarudisha wavu, akawasha.

Feni ilivuma. Upepo ulipita bandani, manyoya ya kuku yakapeperuka, na mdomo mmoja baada ya mwingine ukafungwa. Kuku mmoja tu hakuamka.

Fundi alipoondoka, Shangazi aliketi juu ya ndoo akamvuta Kadii karibu.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Umesema kweli kabla ya kilio kikubwa, na kwa hilo nakushukuru. Mafuta ni kosa la kutojua, na asiyejua hufunzwa. Lakini nilisimama mbele ya fundi nikakuapia, nawe ukanyamaza. Hapo ndipo uliponiumiza."

"Nisamehe, Shangazi. Niliogopa."

"Nimekusamehe. Siku nyingine fundi akiuliza nani ameugusa mkanda, nataka nikuapie tena, mwanangu. Na nataka niape bila kugeuka kukutazama usoni."