Goti la Piusi

Piusi hakuwa na kaka wa kumtetea. Hakuwa na viatu, hakuwa na sauti ya kutisha, wala hakuwa na goti zima la kushoto, kwani utotoni alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ngano. Kila asubuhi, njiani kwenda shule, wavulana wakubwa walimwita Korongo, yule ndege asimamaye kwa mguu mmoja.

Kwa hiyo Matano alipoanzisha darasa la karate nyuma ya soko la Karatu, mwaka 1979, Piusi aliwahi mbele. Matano alivunja matofali kwa kiganja. Teke lake lilipita juu ya kichwa cha mtu mzima. Nani asingetamani?

"Juu zaidi!" Matano alifoka. "Hapa hatudekezi mtu!"

Piusi alirusha mguu wa kulia, uzito wote ukalielemea lile goti bovu. Likavimba kama kiazi. Nyumbani akamdanganya mama yake, Katarina, kwamba aliteleza kisimani.

Masika yakaingia. Mvulana mmoja wa darasa la saba akampokonya mfuko wa vitabu. Piusi akainua teke. Mguu uliobaki chini ukateleza kwenye tope jekundu, akaanguka chali.

"Korongo ametua!" wakacheka.

Rafiki yake Tobiko, mwenzake wa darasa la karate, alimkokota hadi dukani kwa Mzee Marijani, muuza vitenge aliyejifunza judo, mchezo wa kuangushana, ujanani huko Tanga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nini kimekuangusha?"

"Teke langu mwenyewe."

"Teke, kwenye utelezi huu! Hata mbuzi wa Karatu masika haya anakanyaga kwa miguu yote minne." Mzee akaligusa goti. "Huu uvimbe si wa leo. Matano hakukuuliza?"

"Hakuuliza. Nami sikumwambia."

"Basi mmekosea wawili."

Jioni Piusi akamweleza mama yake ukweli wote. Katarina aligomba, kisha akampeleka zahanati, akaambiwa mtoto apumzike mpaka uvimbe uishe. Goti lilipopona, mama mwenyewe alikwenda kukagua stoo ya Marijani, ambako Mzee aliwafundisha vijana judo juu ya magunia yaliyojaa mabua ya ngano. Somo la kwanza lilikuwa kuanguka bila kuumia.

"Hapo sawa," alisema Katarina.

Mvua za vuli zilipofika, yule mvulana alikamata tena mfuko. Piusi hakurusha teke. Alishika kola, akainama, akageuka. Jamaa akajikuta amekaa topeni, macho yamemtoka. Piusi akampa mkono kumwinua.

"Korongo, umenifanyaje?"

"Naitwa Piusi."

Lakini sokoni Piusi alikuwa akizunguka mbali ili asikutane na Matano. Mzee Marijani alipojua, alitikisa kichwa.

"Mwalimu hakimbiwi, mwanangu, huagwa. Karate si mbaya; mbona Tobiko inamfaa? Mchezo uchague kwa kuujua mwili wako. Mwalimu mchague anayekuuliza hali kabla ya kukuamuru. Ila ukificha maumivu, hata mwalimu bora atakuvunja."

Usiku huo Piusi alimwandikia Matano barua: *Mwalimu, shikamoo. Nilikuficha habari za goti langu, nisamehe. Nimehamia kwenye judo. Nakuomba uwaulize wengine kama wanaumia, maana nao huenda wanaona haya.*

Mama yake alisoma, akarudia kusoma, kisha akachovya kidole katika uji mzito, akaigundisha bahasha na kuibana chini ya sufuria. Asubuhi Tobiko aliitia mfukoni, akaenda nayo mazoezini kwa Matano.