Ghorofa Elfu Tatu za Kejeli

Nakiri kwamba nilipoyasoma maoni yale mara ya kwanza, niliona ustadi wa lugha tu. Niliyanakili, nikawasomea wanafunzi wangu hapa Changsha, tukacheka pamoja. Sikutambua kwamba kila sentensi ilikuwa imenolewa kwa ajili ya shingo ya mtu mmoja.

Mtu huyo ni Pu Weiran, mpishi wa tambi za mchele, ambaye video zake za jikoni zilikuwa na watazamaji wengi. Alikutana na Tan Yuqing katika foleni ya chai ya maziwa, mtaa wa Taiping, adhuhuri ya joto kali. Weiran alivaa aproni yenye madoa ya pilipili. Yuqing alivaa gauni la kitani, kijani kibichi kama bua la kitunguu. Weiran alikuwa akisoma simu na kucheka peke yake.

"Hebu sikiliza, dada," alimwambia. "Eti tambi zangu ni laini kuliko moyo wa bosi wake, lakini chumvi ni ya mtu aliyeachwa jana. Nani huyu mwenye ulimi wa wembe?"

"Ni mimi," alijibu Yuqing. "Na chumvi ilizidi kweli."

Walipendana mwaka mzima. Kikwazo kilikuwa mama yake Yuqing, aliyeishi Kaili, mkoani Guizhou. Mama huyo alikuwa ameapa kwamba binti yake msomi hataolewa na mshika mwiko.

Kisha, mwezi Machi, Weiran aliaga kwamba anakwenda Chengdu, mkoani Sichuan, kujifunza viungo. Siku ya nne aliandika chini ya picha ya Yuqing: "Umekula, kipenzi?" Na kama ilivyo kwa maoni yote huku China, mtandao wenyewe uliongeza mkoa alipo mwandishi: Guizhou. Huko Guizhou, mjini Zunyi, aliishi msichana ambaye Weiran aliwahi kumchumbia.

Yuqing alimpigia simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Chengdu, si nilikuaga? Mvua tupu huku."

"Mvua. Haya, usilowe."

Alikata simu, akaketi wima, akaandika chini ya video mpya ya Weiran: "Taarifa ya hali ya hewa. Mpishi huyu aliondoka kuelekea Chengdu. Upepo wa mapenzi ya zamani umemsukuma hadi Guizhou. Tarajieni uongo mzito asubuhi na machozi ya mamba alasiri."

Wale wanaojiita wala-tikiti, yaani watazamaji wa ugomvi wa wengine huku wakitafuna tikitimaji, walimiminika. Kila mmoja aliongeza maoni yake juu ya ya mwenzake, kama ghorofa za jengo. Mmoja wa Harbin aliandika: "Pishi la leo: chukua mwanamume mmoja, mwoshe uongo kwa maji saba. Asipotakata, mwaga pamoja na sufuria." Yuqing alichochea moto kwa sauti ya mjakazi wa ikulu ya kale: "Ee Mtukufu, suria yupi amekukoleza chumvi leo?"

Kwa siku mbili jengo lilifika ghorofa elfu tatu. Weiran alipiga simu mara kumi na saba. Yuqing aliitazama ikilia, akajisikia vizuri. Alipopiga mama yake, alipokea.

"Wewe mtoto! Binamu yako amenisomea uchafu wako."

"Mama, ni mwongo huyo, yuko Guizhou kwa—"

"Yuko kwangu! Huyo unayemchoma mbele ya nchi nzima anapara samaki jikoni kwangu, siku ya sita leo. Kinywa nilimfunga mimi. Nilimwambia, ukimjulisha kabla sijakubali, msahau. Jana nimekubali. Leo sijui kama yeye bado anakubali."

Kesho yake Weiran alishuka kwenye treni Changsha na shati linalonuka samaki, Yuqing akimsubiri. Hakumkumbatia.

"Ile ya kuoshwa kwa maji saba ni yako?"

"Hapana. Ya hali ya hewa ndiyo yangu. Na ya ikulu."

"Ya ikulu ilinichekesha. Kisha mwenye mgahawa ninakopika akanipigia. Watu wanakwenda kupiga picha jiko langu na kuzomea. Kasema nisirudi."

"Nitafuta yote, Weiran. Sasa hivi."

"Usifute. Nami nina kisasi changu, kimoja tu. Waambie ukweli, kwa lugha ya kawaida, bila mzaha."

Yuqing aliandika palepale: "Nilimsingizia. Alikuwa kwa mama yangu akiniposa. Naomba radhi."

Hazikupita dakika mbili. "Mtindo mpya, toba!" alishangilia yule wa Harbin. "Nilimsingizia paka wangu. Alikuwa kwa mama yangu akiposa samaki. Naomba radhi." Wengine wakapanda juu yake, ghorofa baada ya ghorofa.

"Hawaniamini," Yuqing alisema, akilia.

"Sasa nawe umeonja," alisema Weiran. Alisubiri amalize kulia, kisha akamshika mkono. "Twende. Mama yako anataka tarehe."

Walioana Kaili mwezi wa tano. Weiran hapiki tena mbele ya kamera, na Yuqing, ambaye nyumbani ulimi wake haujapungua makali, hajaandika maoni chini ya kitu cha mtu yeyote tangu siku hiyo.