Jina la Seva ya Tatu

Jua lilikuwa linazama Changamwe nilipobaki ofisini peke yangu, kumalizia kuipangia swichi yetu mpya namna ya kugawa kazi. Tulikuwa na seva tatu, kompyuta za kuhifadhi habari za makontena ya bandarini. Swichi huziita kwa majina, tena na tena. Inayojibu hupewa kazi, iliyo kimya huachwa. Basi.

Seva ya tatu iliitwa Mwanarusi. Mke wangu mwenyewe ndiye aliyetaka, siku aliyoniletea chakula. Alicheka akasema angalau huko kazini nitamtaja. Mama yake, Bi Mwanatatu, hakucheka. Alinionya kuwa jina la mtu haliitwi ovyo saa za magharibi, kwani hujui nani mwingine anasikia. Mkwe ni mkwe; niliinamisha kichwa, nikacheka moyoni.

Jioni hiyo umeme ulipotea, ukarudi kwa kishindo. Seva ya tatu ikaungua. Harufu ya waya ulioungua ikajaa chumbani. Nikaichomoa, nikaiweka sakafuni, kisha nikatazama skrini ya swichi...

Mwanarusi alikuwa anajibu.

Kazi zilikwenda kwake, majibu yakarudi, tena sahihi. Na waya wake nilikuwa nimeushika mkononi.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Mwanatatu, kutoka nyumbani kwangu Likoni. Alinong'ona.

"Rama, mwanangu. Mkeo amelala hapa kwenye kochi, haamki. Aitika tu. Abee... abee... Kisha ataja nambari. Na kinywa chanuka waya ulioungua."

Nikamwomba amsogezee simu mdomoni. Nikazisikia nambari. Zilikuwa za makontena, zilezile zilizokuwa zikipita mbele yangu kwenye skrini.

Nikafuta jina lake kwenye swichi.

Kimya.

"Haitiki tena," alisema Bi Mwanatatu. Halafu, polepole, "Rama... hapumui."

Nikaliandika upya jina la mke wangu. Swichi ikaita.

"Abee."

Ni miezi sasa. Hospitali wamempima, hawakuona kitu. Mganga wa Mjambere alifukiza ubani, akatega sikio, akaondoka bila kuaga. Mwanarusi anakula nikimlisha, anatembea nikimshika mkono. Lakini nikimwita mimi, hageuki. Naogopa, wallahi, na sina la kufanya.

Leo mkubwa wetu ametutangazia kuwa kesho umeme utakatwa Changamwe nzima, kutwa. Nilimsihi atafute jenereta, kwani betri ya swichi haimalizi hata saa moja. Akanishangaa. Alisema ni heri, tutapata nafasi ya kuifuta mitambo vumbi.

Nimefika nyumbani. Bi Mwanatatu ameniuliza kama kuna habari za kazini. Nimemwambia hakuna. Nimeketi kitandani kando ya mke wangu, nimemshika mkono, nasikiliza.

"Abee," anasema, akitazama ukutani. "Abee."