Chupa za Kifuniko Chekundu

Nyumbani walimwita Bi Suuza, na jina hilo hakulipata bure. Kila asubuhi, kabla ya kumimina chai, alisuuza vikombe alivyovisuuza mwenyewe jana yake. "Ipo siku utasuuza hata maji yenyewe," kaka yake alimtania. Bi Suuza alicheka tu, huku akisuuza.

Siku moja ya likizo alifuatana na shangazi yake kazini. Shangazi alikuwa mpima maji. Nyuma ya mtaa wao palikuwa na machimbo ya kokoto, na kuyazunguka machimbo hayo kulikuwa na visima vitatu vya uchunguzi. Havikuwa visima vya kuteka kwa ndoo. Vilikuwa mabomba membamba yaliyozamishwa ardhini, kila moja na kifuniko cha chuma na kufuli. Kila baada ya miezi mitatu shangazi alichota humo maji kidogo yakapimwe maabara, ijulikane kama uchimbaji umeyaharibu maji ya chini ya ardhi.

Mlinzi wa lango alilitazama sanduku lao la barafu. "Leo mmeniletea soda?"

"Tumekuletea kazi. Fungua lango," shangazi alimjibu, na wote watatu wakacheka.

Kwenye kisima cha kwanza kufuli liligoma. Shangazi alilisukasuka, akaguna. "Ngoja nikamwombe mlinzi mafuta. Vaa glavu, uzipange chupa juu ya turubai. Zipange tu, basi."

Chupa zilikuwa sita: tatu za kifuniko cheupe, tatu za kifuniko chekundu. Bi Suuza aliinua moja nyekundu kwenye mwanga. Chini kabisa palikuwa na matone. Akaangalia ya pili, ikawa na matone. Ya tatu vilevile.

"Huyu aliyeziosha hizi alikuwa anasinzia?" alinong'ona. Akazifungua, akatia maji safi kutoka kwenye dumu walilokuja nalo, akatikisa, akamwaga. Harufu kali ikampanda puani. Tone moja likamrukia kwenye pindo la gauni. Alipomaliza, chupa ziling'aa, naye akasimama pembeni akisubiri kusifiwa.

Shangazi alirudi na kichupa cha mafuta, akaanza kuzungumza huku akilipaka kufuli. "Nilisahau kukwambia. Hizo nyekundu zimetiwa dawa huko maabara. Ni kali, inaunguza ngozi. Na ikimwagika, chupa haina kazi tena. Hukuzigusa, sivyo?"

Bi Suuza aliificha mikono yake nyuma.

"Sijazigusa, Shangazi."

Neno lilimtoka lenyewe, na likishatoka halikurudi.

Kazi ikaanza. Shangazi alishusha kichoteo, mrija mrefu uliofungwa kamba, akapandisha maji na kuyamwaga. Akashusha tena, akamwaga tena.

"Mbona unayamwaga?" Bi Suuza aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haya yamelala ndani ya bomba siku nyingi. Hayatuambii ukweli wa huko chini. Tunayatoa kwanza, yaje mapya."

Neno "ukweli" lilimchoma kama mwiba. Akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikufunguka.

Maji mapya yalipokuja, shangazi alijaza chupa moja nyeupe na moja nyekundu. Glavu zake zilikuwa zimelowa, hivyo akampa Bi Suuza fomu na kalamu. "Niandikie. Hapo palipoandikwa 'Dawa ipo', weka alama ya vema."

Bi Suuza akaiweka. Kwenye kisima cha pili akaiweka tena, na cha tatu pia. Alama tatu, kwa mkono wake mwenyewe. Pale tone liliporukia gauni pakatokea doa la manjano. Akalikunja pindo na kulishika ngumini njia nzima.

Walipokuwa langoni wakisubiri gari la maabara, akapita Mama Pacha na dumu la maji kichwani. Nyumba yake ilikuwa bondeni, chini ya machimbo. Tangu kisima chake kibadilike ladha, alikuwa akifuata maji kwenye bomba la shule.

"Mpima maji, majibu lini?" aliuliza. "Shingo yangu inakaribia kuingia kifuani!"

"Wiki mbili, dada yangu. Vumilia."

"Yakitoka mazuri tu, siku hiyohiyo nafungua kisima. Wanangu wamechoka kuogeshwa kwa kikombe."

Alipokwisha kupita, Bi Suuza alimgeukia shangazi. "Shangazi, ile dawa ni ya nini hasa?"

"Ndani ya maji huweza kuwa na madini mabaya. Bila dawa, hujishika kwenye kuta za chupa. Maabara watapima maji, waone madini kidogo, waseme ni salama. Kumbe si salama."

Akilini Bi Suuza aliwaona pacha wawili wa Mama Pacha wakinywa maji hayo kwa zamu, kikombe kimoja. Gari likafika. Dereva akalishika sanduku lililokwisha fungwa utepe wenye saini ya shangazi.

"Usilichukue!" Bi Suuza alipaza sauti hata mlinzi akageuka. "Shangazi, nilizisuuza. Zote tatu. Nilidhani ni uchafu. Nikakudanganya, na zile alama nimeziweka za uongo." Akaliachia pindo, doa likaonekana.

Shangazi alilitazama doa. Kisha akaubandua utepe.

"Mama, nina vituo viwili vingine," dereva alilalamika.

"Anza na hivyo. Ukirudi utatukuta tayari."

Chupa nyekundu za akiba zilikuwa mbili tu. Shangazi alichagua kisima cha tatu, kilichokuwa karibu na kwa Mama Pacha, na cha pili. Akazikata kwa kalamu zile alama tatu za vema, na kwenye mstari wa kisima cha kwanza akaandika: "Dawa ilimwagwa. Chupa nyekundu haifai."

"Mkuu wako atakugombeza," Bi Suuza alisema huku machozi yakimtoka. "Mwambie ni mimi."

"Nitamwambia nilikuachia chupa bila kukueleza. Hilo ni kosa langu. Lako liko hapa. Shika kamba."

Walianza upya kutoa maji yaliyolala, jua likiwa utosini. Viganja vya Bi Suuza viliwaka moto, lakini hakuomba kupumzika. Kabla ya kuweka alama mpya ya vema, kila chupa aliiinua kwanza kwenye mwanga, akayaona matone kwa macho yake.

Baada ya wiki mbili majibu yalitoka. Maji ya kisima cha tatu yalikuwa na madini kupita kiasi. Mama Pacha aliambiwa maji ya kisima chake asiyanywe wala asiyapikie, na wenye machimbo wakaamriwa kuwaletea watu wa bondeni tangi la maji safi kila siku.

Jioni hiyo Bi Suuza alikaa na shangazi barazani, amelikunjua pindo lenye doa mapajani.

"Shangazi, ningejua, nisingesuuza."

"Najua. Kusuuza kulikuwa kosa la kutojua, na dawa yake ilikuwa chupa nyingine," shangazi alisema. "Lakini lile neno 'sijazigusa' ndilo lingemnywesha Mama Pacha yale maji. Ukikosea, mwanangu, sema papo hapo, kabla sanduku halijafungwa."