Aliyeitikia Jina Lisilo Lake

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Redio humsaidia baba yake kukunja kamba na kujaza maji kwenye chupa. Baba huongoza watalii. Huwapandisha mlimani hadi kwenye genge ambako bahari huonekana yote, buluu mpaka inapogusana na mbingu. Redio ni jina ambalo msichana huyu alipewa na wenzake kwa sababu huiga sauti ya yeyote, kuanzia mwalimu mkuu hadi mbuzi wa jirani.

Ijumaa moja wageni wa baba walikuwa darasa la Redio lenyewe, pamoja na mwalimu wao wa jiografia. Walifika gengeni, wakaiona bahari, wakapiga kelele hadi ndege wakaruka. Baba hakupiga kelele. Alitazama mawingu yaliyokuwa yakipanda kutoka pwani.

"Tunashuka sasa hivi," alisema. "Ukungu ukitukuta hapa, hata pua yako huioni."

Kijiti, binamu yake Redio anayesoma naye darasa moja, akamvuta mkono. "Kuna kijia chini ya genge. Nachungulia mara moja, nitawakuta kwenye maporomoko ya maji. Wakiita majina, niitikie."

"Wewe! Baba atanichuna ngozi."

"Atajuaje? Au betri zimekwisha?"

Redio akacheka. Darasani alishawaitikia wenzake mara nyingi, na hakuna aliyewahi kudhurika.

Kwenye maporomoko baba aliita majina, kama afanyavyo katika kila kituo. Alipomwita Kijiti, Redio alijificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, akabana pua. "Nipo!" Baba akatia alama kwenye karatasi.

Walipofika kwenye lango la msitu, mwendo mfupi tu kutoka hapo, ukungu ulikuwa umeshuka na Kijiti hayupo.

"Kwenye maporomoko aliitika," baba alimwambia mwalimu. "Basi amepotelea hapa kati. Huenda ameteleza mtoni."

Wakarudi mbio. Askari wawili wa msitu waliotoka nao langoni waliingia majini hadi kiunoni, wakipapasa chini kwa fimbo. Mwalimu alimwinamia Redio. "Wewe ndiye mwandani wake. Hakukwambia lolote?"

"Hapana, Mwalimu."

 Redio alijipa moyo kwamba Kijiti angetokea mwenyewe sasa hivi, akicheka. Nusu saa ikapita. Ndipo alipomwona baba akivua viatu, akijifunga kamba kiunoni, akiliendea bwawa jeusi lililo chini ya maporomoko, ambalo humkataza kila mgeni kulisogelea.

"Baba, usiingie! Hayumo! Mimi ndiye niliyeitika!"

Kila mtu aligeuka. Baba hakufoka, na hilo lilimuuma Redio zaidi.

"Yuko wapi?"

"Kijia cha chini ya genge."

Baba na askari mmoja wakapotelea kwenye ukungu. Redio aliketi juu ya jiwe, akingoja. Waliporudi, Kijiti alikuwa mgongoni mwa baba, kifundo cha mguu kimevimba, meno yakigongana. Walimkuta hatua mbili kutoka kwenye ukingo wa shimo refu. Aliteguka mguu, kisha ukungu ukamzingira; alikuwa amechoka kungoja na alitaka kuanza kutambaa, bila kujua upande wa shimo ni upi.

Baba alimkabidhi Kijiti kwa mwalimu, kisha akachuchumaa mbele ya binti yake.

"Mwanangu, unadhani naita majina kwa kupenda kuita? Mtu akiitika, moyo wangu unatulia: huyu ni mzima, simtafuti tena. Leo umenituliza kwa uongo. Nimemtafuta mtoto wa dada yangu mahali ambapo hayupo, na askari hawa wawili wamehatarisha roho zao bure."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe, kwa kuwa mwishowe umesema, japo watu wote wanakutazama. Lakini ukweli wa saa hii ungekuwa na faida zaidi nusu saa iliyopita. Mlimani, uongo mdogo haupo." Akawaelekezea kidole wale askari waliolowa chapachapa. "Sasa nenda ukawaombe radhi."

Redio akainuka, akawaendea.